Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha magonjwa adimu, wazazi, madaktari, wauguzi, wanafunzi wa udaktari, na wageni wetu mliopanda boda boda kwenye mvua hii kuja hapa Mbale, nawasalimu nyote.

Kwanza niombe radhi kwa kuchelewa kuanza. Mkutano uliitwa saa tatu asubuhi. Saa tatu tulikuwa watu tisa, nikiwemo mimi, katibu na kijana wa vipaza sauti. Akidi tumeipata saa tano kasorobo, tena baada ya katibu kutoka nje na kuwahesabu akina mama waliokuwa wananyonyesha chini ya mwembe. Jambo hili nitalirudia.

Shughuli za kawaida nitazipitia upesi, kwa sababu mlikuwapo, au mlipaswa kuwapo. Siku ya Magonjwa Adimu tuliiadhimisha tarehe 28 Februari. Ilikuwa Ijumaa, wenzetu Waislamu wakaja baada ya sala wakakuta chapati zimekwisha. Lawama hiyo kamati imeipokea. Redioni tulizungumza mara tatu. Watoto sita tuliwatembelea majumbani, Sironko, Bududa, Budaka na Tororo. Vikao vya mafunzo kwa madaktari na wanafunzi vilipangwa vinne na vikafanyika vyote vinne, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu chama kianze. Sisemi hivyo kujisifu, ila kumbukumbu za katibu ziko wazi na yeyote anaweza kuzisoma. Mwezi Mei, huko Geneva, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu magonjwa adimu. Habari hiyo niliituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Waliojibu ni wawili, na mmoja wao aliuliza kama azimio limekuja na fedha.

Kuhusu fedha zetu wenyewe: tulianza mwaka na salio la shilingi 2,360,000. Ada imeleta 1,530,000, michango ya hiari 3,400,000, jumla 7,290,000. Matumizi: vikao vinne vya mafunzo 4,120,000, ambamo nauli za wazazi ni 2,480,000, kodi ya chumba cha ofisi 960,000, uchapishaji 640,000, simu na intaneti 310,000, mengineyo 415,000. Jumla ya matumizi 6,445,000, salio 845,000. Kuna mwanachama aliyeuliza kwa maandishi "mengineyo" ni nini. Ni sukari, maji ya kunywa, turubai tulilokodi siku ya mvua, na rambirambi mbili. Stakabadhi ziko kwa mweka hazina. Mafuta ya pikipiki yangu hayamo humo, na sijawahi kuyadai.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo.

Mwezi Machi kamati tendaji, chini ya uenyekiti wangu, iliamua mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kuondoa posho ya shilingi 50,000 tuliyokuwa tukimpa kila daktari anayehudhuria kikao cha mafunzo. La pili, fedha hizo ziwe nauli za wazazi wa watoto wagonjwa, na wazazi hao ndio wawe walimu wa kwanza kusimama, kabla ya daktari bingwa yeyote. Baada ya wiki mbili nikapokea barua yenye sahihi 14 za wanachama madaktari. Barua inasema uamuzi ulipaswa kuletwa kwenye mkutano mkuu. Kwamba posho si rushwa bali ni fidia ya muda. Na kwamba darasa la tiba si jukwaa la kilio. Maneno hayo ya mwisho nayanukuu kama yalivyoandikwa.

La utaratibu nalijibu kwanza. Katiba yetu inaipa kamati tendaji mamlaka ya kupanga matumizi ya vikao ilimradi isivuke bajeti. Hatukuvuka. Ningeweza kuitisha mkutano mkuu wa dharura mwezi Machi, ndiyo. Lakini leo mmeona wenyewe ilivyotuchukua kupata akidi, na mkutano huu mlijulishwa siku thelathini kabla.

La posho nitalisema kifupi, kwa sababu najua bei ya vitu, na najua mshahara wa daktari kijana. Sikumwita mtu mla rushwa. Nilichosema, na nakirudia, ni kwamba chama chenye salio la laki nane hakiwezi kumlipa mtu aje kusikiliza halafu kimwambie mzazi ajilipie mwenyewe aje kufundisha.

Ila hili la kilio nitakaa nalo kidogo, mniwie radhi.

Wengi mnanijua kama afande. Nilitumikia jeshi miaka 26 nikiwa afisa tabibu, na Kiswahili hiki mnachokilalamikia kuwa ni cha kambini nilikipata huko. Baada ya kustaafu nilifungua zahanati yangu ndogo. Siku moja mama mmoja aliniletea mvulana wa miaka saba, goti limevimba kama papai baada ya kucheza mpira. Homa hana, kidonda hana. Kabla hata hajaketi, mama yule aliniambia mlangoni: "Daktari, kwetu wavulana hutokwa damu. Kaka zangu wawili tuliwazika, mmoja kwa tohara." Nilimsikia. Nikamwambia akae. Nikamdunga mtoto sindano ya diklofenaki kwenye msuli wa tako, nikampa na vidonge aende navyo.

Mliosoma mnajua nilichofanya. Goti lile lilikuwa limejaa damu. Mtoto ana hemofilia. Damu yake haigandi ipasavyo, na kwa mtoto wa namna hiyo sindano ya msuli ni marufuku. Dawa niliyochagua nayo ni ya jamii ileile ya aspirini, ambayo humwongezea kutokwa damu. Kesho yake tako lilikuwa limevimba kuliko goti, na mtoto amepauka. Alipona kwa rehema za Mungu na kwa chupa mbili za damu, si kwa ujuzi wangu. Jina la ugonjwa wake lilipatikana Kampala miaka mitatu baadaye. Leo yuko sekondari kidato cha pili, anachechemea.

Ugonjwa huu nilikuwa nimeusoma. Hilo ndilo ninalotaka wenye barua walisikie. Kwenye mtihani niliandika kwamba hemofilia A humpata takriban mtoto mmoja kwa kila wavulana 5,000, kwamba hupitia kwa mama, na kwamba mtu auliziwe wajomba zake. Niliandika vizuri nikapewa alama zangu. Kisha mama akaja akanitajia wajomba wenyewe, bila hata kuulizwa, na mimi nikaona mpira wa miguu. Mama huyo ndiye aliyesimama kwenye kikao chetu cha Aprili. Hakulia. Aliyetoka nje kufuta uso ni mimi.

Na hili silisemi kwa ajili yangu peke yangu. Mchukue mwanafunzi yeyote wa mwaka wa nne kutoka chuo chochote cha Uganda. Muulize: pete ya rangi ya shaba ukingoni mwa konea, kioo cha mbele cha jicho? Atakujibu kabla hujamaliza: Wilson, ugonjwa wa shaba kujaa mwilini. Weupe wa jicho ulioingia ubluu? Mifupa ya kioo. Mtoto anayeinuka sakafuni kwa kujipanda mapaja kwa mikono yake mwenyewe? Duchenne, ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli; kuinuka huko huitwa ishara ya Gowers. Wanajua, tena wanajua kuliko nilivyojua mimi. Lakini mtoto yuleyule wa mifupa ya kioo akiletwa usiku, mkono umevunjika kwa mara ya tatu, mama anaulizwa nani anampiga mtoto nyumbani. Kitabu kimemfundisha ugonjwa ukiwa umeshapewa jina juu ya ukurasa. Benchi la wagonjwa halina majina. Juu yake wamekaa watoto arobaini, thelathini wana malaria, na yule mmoja naye ana homa kama wenzake, kwa sababu mwenye ugonjwa adimu naye huumwa malaria.

Daktari mmoja kijana, aliyetia sahihi barua ile na ambaye namheshimu, alinipinga kwa hoja nzuri kwenye kikao cha Juni. Alisema takriban theluthi moja ya wenye hemofilia hawana mtu mwingine kwenye ukoo mwenye ugonjwa huo, kwa hiyo swali la wajomba si kipimo, na hadithi ya mama mmoja inaweza kumpoteza daktari. Ni kweli. Nilimwambia ni kweli. Lakini hao theluthi mbili wengine wana mama ambaye tayari anajua, na swali halina gharama.

Kuna hoja ya tatu ambayo haimo kwenye barua, ila niliisikia kwenye chai, na hiyo imeniuma kwa sababu ina haki. Ni kwamba tunawaanika watoto. Kikao cha Aprili mwanafunzi mmoja alipiga picha kwa simu bila ruhusa. Ilifutwa palepale mbele ya mzazi, na tangu Juni simu zinabaki mlangoni ndani ya beseni. Tungepaswa kuanza na beseni. Katibu alikuwa ameshauri hivyo na mimi nilisema ni kupoteza muda. Hilo nalikubali.

Wale wanaosema mzazi hana cha kumfundisha daktari nawakumbusha historia ya hapahapa. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, akashangaa, akaendelea na kazi. Muda mfupi baadaye alikuwa hospitali ya Jinja, akatazama dirishani, akamwona mtoto mwingine mwenye uso uleule amekaa kwenye nyasi na mama yake. Alitoka nje kwenda kwa yule mama. Mwaka 1958 akaandika kuhusu uvimbe huo, mwaka 1961 akazunguka na wenzake wawili kwa gari kuukuu zaidi ya kilomita 15,000, hospitali hadi hospitali, akiuliza nani amewaona watoto wa namna hii. Leo kila mwanafunzi duniani anakariri limfoma ya Burkitt, saratani inayoweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili na ambayo mtoto akiwahishwa dawa mara nyingi hupona. Jinja ni mwendo wa saa chache kutoka hapa. Dirisha lipo kila hospitali.

Na Kitgum, Pader na Lamwo, kaskazini mwa nchi? Ugonjwa wa kutikisa kichwa ulipowashika watoto wa kule, wazazi ndio waliosema kichwa huanza kuinama mtoto anapowekewa chakula. Daktari hakai jikoni, angeyaonea wapi hayo? Vituo maalumu vya matibabu vilifunguliwa mwaka 2012, na utafiti ukauhusisha ugonjwa huo na usubi, wale nzi weusi wa mtoni. Lakini wa kwanza kuona walikuwa watu wenye sufuria mkononi.

Nimesema ya posho, sasa niseme ya selimundu, maana nalo limenigharimu marafiki. Wanachama wapatao 20, wazazi wa watoto wenye selimundu, waliacha kuja baada ya kamati kukataa kuuweka ugonjwa huo kwenye orodha ya mafunzo yetu. Walisema tumewatupa. Hatukuwatupa. Ulaya ugonjwa huitwa adimu usipozidi watu 5 katika kila 10,000. Marekani, kwa sheria yao ya mwaka 1983, ni ule wenye wagonjwa wasiofika 200,000 nchini mwao. Kwa vipimo hivyo selimundu kwao ni adimu. Kwetu, utafiti wa watoto wachanga wa nchi nzima uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 wamebeba kinasaba cha selimundu bila kuugua, na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Hiyo ni watu 70 katika kila 10,000. Daktari wa Uganda asiyejua selimundu hana kisingizio cha uadimu. Ninachokiri ni kwamba niliyasema haya mbele ya mama aliyekuwa ametoka kuzika, na sikuyasema kwa sauti ninayotumia leo.

Kuhusu uadimu wa nani kwa nani, kuna jambo lilitokea kikao cha Septemba ambalo bado linanichekesha. Mgeni wetu alikuwa akieleza ule msemo wa vyuo vya udaktari vya Marekani, kwamba ukisikia mlio wa kwato ufikirie farasi, usifikirie punda milia; yaani daktari aanze na ugonjwa wa kawaida. Binti mmoja wa mwaka wa tatu akanyanyua mkono. "Mzee, mimi kwetu ni Kiruhura. Farasi nimemwona kwenye picha. Punda milia wanakula na ng'ombe wetu." Mgeni alikaa kimya kidogo, kisha akabadilisha slaidi.

Nikiwa bado kwenye kikao hicho cha Septemba, nieleze mahudhurio, kwa kuwa hapa ndipo wakosoaji wangu wanaposhika. Tulitarajia watu 60. Walikuja 11. Kati yao madaktari ni watatu, na mmoja aliondoka kabla ya chai. Aprili walikuwa 48, Juni 29, Septemba hao 11, Novemba 34. Naambiwa: ondoa posho, uone. Nimeona. Lakini naomba na nyinyi mwone kwamba kati ya wale 34 waliokuja Novemba, wanafunzi walikuwa 26, na hao hawajawahi kupewa posho na mtu yeyote. Walikuja kwa miguu. Mmoja wao, anayefanya mazoezi kwenye kituo cha afya daraja la nne ambacho sitakitaja, alinipigia simu wiki mbili baadaye. Alikuwa amemwona mtoto mchanga ambaye jicho lake linang'aa jeupe kama la paka kwenye picha ya simu ya mama. Mkubwa wake alitaka mtoto apewe dawa ya matone arudi nyumbani. Mwanafunzi aliwahi kumsikia mzazi wa mtoto mwenye retinoblastoma, saratani ya jicho ya watoto, akieleza kikaoni kwetu kwamba kwake pia ilianza kwenye picha, akang'ang'ania mpaka mtoto akaandikiwa rufaa kwenda hospitali ya Ruharo, Mbarara. Kutoka huku mashariki hadi Mbarara ni kuivuka nchi. Nauli ya mama na mtoto ilitoka kwa watu watatu wa kamati, na mimi nikiwa mmoja wao. Kwenye hesabu za chama hamtaiona.

Ada sasa. Daftari lina wanachama 143. Waliolipa ada ya shilingi 30,000 ni 51. Elfu thelathini kwa mwaka ni chini ya mia moja kwa siku, na kuna watu humu ndani ambao salamu zao za asubuhi kwenye WhatsApp, pamoja na maua na video, zinakula bando kubwa kuliko hiyo. Sitawasoma majina. Katibu alipendekeza tuyabandike mlangoni, nikakataa, ingawa napata shida kukumbuka kwa nini nilikataa. Kati ya wale 14 waliotia sahihi barua, waliolipa ada ni wanne. Nasema tu kama taarifa.

Niongeze kwamba wazazi wa watoto wagonjwa, ambao kamati iliwasamehe ada, tisa wamelipa hata hivyo. Mmoja alilipa kwa awamu sita, elfu tano tano, kwa pesa za simu.

Mwaka ujao. Tunatumaini kuendelea na vikao vinne, uwezo ukiruhusu. 2026 ni mwaka wa tohara kwa ndugu zetu Wagisu, na ningependa sana, kabla ngoma hazijaanza kuzunguka mlimani, tukae na wazee wa koo na wale wanaotahiri, tuwaombe waulize kwanza kama upande wa mama kuna kijana aliyewahi kutokwa damu isiyokoma, ili huyo apelekwe hospitali kwanza. Namna ya kufanya hivyo bado hatujaipanga. Nimezungumza na mzee mmoja, akasema atafikiri. Tunatazamia pia kuwafundisha wanafunzi kutumia Orphanet, ile hazina ya mtandaoni ya taarifa za magonjwa adimu, ya Wafaransa, iliyoanza mwaka 1997. Ni bure, na mtu huweza kutafuta humo kwa jina la ugonjwa, ilimradi intaneti ipo. Kuna wazo la kuwa na maktaba ndogo. Kuna wazo la kuomba vyuo vituruhusu kuingia darasani saa moja kwa muhula. Barua mbili zimekwenda, majibu tunayasubiri.

Suala la posho litapigiwa kura leo mchana, kama wenye barua walivyoomba. Nitaheshimu matokeo. Mkiirudisha, naomba mlioirudisha mniambie pia mtoto yupi na mzazi yupi tumnyime nauli, ili niende mimi mwenyewe kumweleza, maana namba zao ziko kwenye simu yangu.

Wanaopiga kura ni waliolipa ada, kwa mujibu wa katiba. Mweka hazina amekaa kwenye meza ile karibu na mlango mpaka saa nane kamili, anapokea taslimu na pesa za simu. Chai iko tayari, na safari hii chapati tumezihesabu.

Mwenyekiti